Dondoo muhimu: Kupanda ndege na bunduki ya kuwindia

Katika viwanja vya Marekani, bunduki husafiri kama mzigo wa kupakiwa tu, ikiwa haina risasi, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli.

Lijaribu sanduku ukiwa bado nyumbani. Funga kufuli zote, kisha vuta pembe ya kifuniko kwa nguvu. Vidole vikipenya, ongeza kufuli papo hapo, kwani mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, hukataa sanduku linaloweza kufunuliwa. Masanduku mengi ya bei rahisi hulegea katikati, mimi siyaamini. Funguo kaa nazo mwenyewe, na usiondoke mpaka ukaguzi uishe.

Itangaze bunduki kwenye kaunta ya shirika la ndege kila unaposafiri. Tamka kwanza, usifungue sanduku hadi uombwe.

Risasi zikae kwenye paketi yake. Mashirika mengi huishia kilo 5. Baruti ya kushindilia hairuhusiwi kabisa.

Darubini ya kulengea waweza kuibeba mkononi, na ndivyo ninavyoshauri, maana mitikisiko huivuruga. Bolti ya bunduki hairuhusiwi mkononi.

Pekua kila mfuko wa begi la mkononi. Risasi moja iliyosahaulika tangu msimu uliopita yaweza kukuletea faini.

Ukielekea Tanzania kuwinda, pata mapema kibali cha kuingiza silaha kwa muda, na kabla ya kuondoka Marekani gongesha muhuri wa forodha kwenye fomu 4457. Linganisha namba ya bunduki, tarakimu kwa tarakimu, katika kila karatasi. Nchi unayobadilishia ndege nayo yaweza kudai kibali chake.