CHATNE YA MBOGA: SOMO KWA WANAOJIPIKIA



Tuko wengi katika shule hii tusioishi kwa wazazi. Wengine tunapanga chumba, wengine tunakaa kwa ndugu, na jioni kila mtu anawasha mbabula yake. Mwanzo wa mwezi kuko sombe, kuko maharage, hata sambaza. Mwisho wa mwezi kunabaki bugali na pilipili ya chumvi tu. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati vya kutosha. Kwa hiyo sisi wa mwaka wa mwisho tumechagua kufundisha chakula kimoja cha mboga, chenye kutaka makala kidogo na mafuta kidogo. Kinaitwa chatne.

1. CHATNE NI NINI?

Neno hili linatoka India, na asili yake ni tendo la kulamba. Ni mboga zilizosagwa, kali na chachu, ambazo mtu anachovya kidogo kidogo pembeni ya chakula kikubwa. Kusini mwa India, kama Tamil Nadu na Andhra Pradesh, wanaila pamoja na wali, au na mikate ya mchele inayoitwa idli na dosa. Huku kwetu Afrika, watu wa Unguja na Mombasa wanajua sana chatne ya nazi, wanaila na muhogo na bajia.

Mtu asiseme: "Hiyo ni ya wageni, vitu vyake hatuna." Tomati, pilipili na karanga zote zilitoka Amerika. Wareno walifika Calicut, kusini mwa India, mwaka 1498, na mimea hiyo iliingia India baada ya hapo. Basi hata Wahindi walipika chatne yao kwa vitu vipya vilivyowafikia. Na sisi tufanye hivyo kwa vitu vya soko la Kadutu.

2. KWA NINI INAFAA BUKAVU?

Mji wetu uko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Kwa urefu huo maji yanachemka kwa digri 95 hivi, si 100. Ndiyo sababu moja ya maharage kukawia na kumaliza makala. Lakini mafuta yanapata moto kupita maji, tena mboga zilizokatwa ndogo zinaiva upesi. Chatne inataka kama dakika 20 tu.

3. VITU (watu wanne)

Tomati 4 zilizoiva, bilinganya 1 ndogo au robo ya shu, karoti 1, kitunguu 1, punje 4 za kitunguu saumu, pilipili 2, karanga kavu mkono mmoja, ndimu nusu, mafuta vijiko 3, chumvi.

Jioni wamama sokoni wanapunguza bei ya tomati zilizolegea. Zinafaa, kama hazijaoza. Lakini karanga zenye ukungu usinunue hata kwa bei ya bure: ukungu huo unaleta sumu inayoharibu ini, na moto hauimalizi.

4. NAMNA YA KUFANYA

a) Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga kwa maji safi, kisha uzikate ndogo ndogo.

b) Kaanga karanga bila mafuta, toa maganda, weka pembeni.

c) Pasha vijiko 2 vya mafuta. Tia kitunguu, pilipili, punje 2 za saumu, karoti na bilinganya. Zikilainika, tia tomati. Koroga mpaka maji yakauke, maana maji mengi ndiyo yanaifanya ichache haraka.

d) Ipua, iache ipoe. Twanga karanga kwanza zikiwa kavu, kisha ongeza mboga. Kinu cha sombe kinatosha, ila kioshwe vizuri. Isiwe laini kama uji. Ulimi usikie vipande.

e) Tia chumvi na ndimu. Wahindi wanatumia ukwaju. Ndimu iingie sasa, chakula kikiwa kimepoa, kwa sababu moto unaharibu vitamini C.

f) Pasha kijiko cha mwisho cha mafuta, tia saumu iliyobaki katika vipande vyembamba. Ikianza kuwa ya kahawia, mwaga yote juu ya chatne. Kule India wanatumia mbegu za haradali, jamaa ya ile punje tunayoisoma katika Matayo 13. Zinapasuka ndani ya mafuta. Usiruke hatua hii: harufu nyingi za viungo zinayeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na mafuta yanazieneza katika chakula chote.

5. MWILI UNAPATA NINI?

Karanga zinaleta protini. Karoti inaleta kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, nzuri kwa macho, na mafuta yanasaidia mwili kuipokea. Bugali peke yake haiwezi kazi hiyo.

6. KUTUNZA

Umeme unakatika, na wengi hatuna frigo. Pika ya kula siku hiyo. Usiifungie ndani ya chupa chini ya mafuta kwa majuma: kuko kijidudu kinachopenda pasipo hewa, na sumu yake inaweza kuua bila kunuka. Na mahali penye kolera kama mkoa wetu, usiongeze maji yasiyochemshwa katika chakula kilichokwisha kuiva.

Neno kwa vijana wanaume: kinu si cha dada zenu peke yao. Anayejua kufanya chatne hatangojea mtu amhurumie kwa sahani.

MAZOEZI

1. Kwa nini maharage yanakawia kuiva Bukavu kuliko kando ya bahari?
2. Kwa nini ndimu inatiwa mwishoni?
3. Taja mboga mbili za kwenu zinazoweza kushika nafasi ya bilinganya, halafu uzijaribu.

Kapita, kwa niaba ya mwaka wa mwisho