Kupima Ufaafu wa Kitabu cha Ushonaji kwa Mtu Anayejifunza Peke Yake

Mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini huulizwa mengi ambayo hayamo katika muhtasari wa masomo. Mojawapo ni hili: mzazi huleta kitabu chembamba cha kuwafundisha wanaoanza kushona, akataka kujua kama kitamfaa binti yake aliyemaliza darasa la saba, ambaye nyumbani ana cherehani ya miguu aliyoachiwa na bibi yake. Mwanachuo aliyesoma mbinu za kufundishia hudhani kwamba swali hilo ni jepesi. Hufungua kurasa, huona picha nzuri na Kiswahili sanifu, naye husema kitabu kinafaa. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba jibu la namna hiyo halina msingi, na kwamba ipo njia ya kulipata jibu lenye msingi.

Tuchukue Isongole kuwa mfano wetu. Isongole imo wilayani Ileje, katika mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Mpaka ni Mto Songwe, na ng'ambo yake ni wilaya ya Chitipa nchini Malawi. Katika nyumba nyingi za upande huo watu huzungumza Kindali au Kilambya, na Kiswahili cha kitabuni ni lugha ya darasani. Mafundi cherehani wapo, wala si haba. Lakini fundi hana wakati wa kufundisha bila malipo, na si kila binti awezaye kwenda chuoni: yuko mwenye mtoto mchanga, na yuko asiye na nauli wala ada. Huyo atakaa na kitabu chake, na kitambaa atakachokata huenda kikawa ndicho cha sare ya mdogo wake. Akikiharibu hakuna kingine. Jambo baya zaidi ni kwamba hatakilaumu kitabu. Atajilaumu mwenyewe, aseme kwamba hana akili ya kushona, na cherehani itafunikwa gunia.

Nchi yetu ina historia ndefu ya vitabu vya kujifunzia nje ya darasa. Kati ya mwaka 1968 na 1972, katika mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliofanywa Mwanza kwa msaada wa UNESCO, vitabu vya kusomea vilijengwa juu ya kazi za watu kama kilimo cha pamba, uvuvi na utunzaji wa nyumba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni 2. Wanachuo hupenda kuitaja kampeni hiyo kwa sababu ya redio, lakini kwetu sisi funzo lake limo mahali pengine. Kijitabu cha Mtu ni Afya hakikuachwa peke yake. Wasikilizaji walikaa katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Penye neno gumu palikuwa na mtu wa kuulizwa. Binti wa Isongole hana kikundi wala kiongozi. Kwa hiyo kitabu chake hakina budi kufanya kazi mbili: kueleza jinsi ya kutenda, na kumsimamia mtendaji.

Hapo ndipo vitabu vingi hushindwa. Mwandishi wake huwa ni fundi au mwalimu wa sayansi kimu, na mikono yake imekwisha sahau ugumu wa mwanzo. Huandika, "Tunga uzi, kisha shona mstari ulionyoka." Kwake yeye hayo ni matendo mawili, ila kwa mwenye kuanza ni matendo kumi au zaidi. Gurudumu la cherehani ya miguu lisipoanzishwa kwa mkono kuelekea kwa mshonaji, huweza kurudi nyuma, na uzi hukatika au hujisokota chini. Kitabu kizuri humtaka mwanafunzi akae kwanza siku mbili tatu akikanyaga tu, bila uzi na bila kitambaa, mpaka miguu izoee mwendo mmoja. Kisha ashone juu ya karatasi yenye mistari, sindano ikiwa haina uzi, atazame kama matundu yamefuata mstari. Ukikuta zoezi hilo, ujue kwamba mwandishi amewahi kumfundisha mtu asiyejua.

Jambo la pili la kutafuta, nasi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kama kitabu kinaeleza dalili za kosa. Anayefundishwa na fundi huambiwa papo hapo kwamba amekosea, lakini anayejifunza peke yake huona tu kwamba kazi imeharibika. Uzi ukijikusanya kama vitanzi upande wa chini wa kitambaa, yeye huhangaika na uzi wa chini, kumbe mara nyingi kasoro iko juu: uzi wa juu haukupitishwa sawasawa katika vibati vinavyoubana, au umelegezwa mno. Vitanzi vikitokea juu, ndipo atazame bobini. Mshono ukiruka-ruka, huenda sindano imewekwa kinyume au imekuwa butu. Kitambaa kikijikunja katika mstari wa mshono, uzi umebanwa kupita kiasi. Haya yote yanaenea katika ukurasa mmoja. Kitabu chenye picha 50 za magauni lakini kisicho na ukurasa huo si kitabu cha kujifunzia. Ni kitabu cha kutazama.

Tuje kwenye vipimo. Hapa mwalimu wa hisabati ana nafasi ya kukichunguza kitabu hata kama yeye mwenyewe hajui kushona. Tuseme kifua cha mvaaji ni sm. 80. Mwanafunzi hugawa kwa 4, hupata sm. 20, naye huchora. Lakini mtu hupumua na kunyanyua mikono, kwa hiyo nguo hutaka nafasi ya mwili, tuseme sm. 8 kwa mzunguko wote. Sasa ni 88, na robo yake ni 22. Ongeza nafasi ya mshono, sm. 1.5, iwe 23.5. Asiyeambiwa habari hiyo atakata 20, mshono utakula sm. 1.5 kila upande, na nguo itakuwa na mzunguko wa sm. 74 kwa mwili wa sm. 80. Haitavalika. Basi uliza: je, kitabu kinasema waziwazi kama vipimo vyake vimekwisha jumlisha nafasi ya mshono? Vingine husema hivyo katika utangulizi tu, mahali ambapo mwanafunzi hapasomi.

Chunguza pia upana wa kitambaa ambao mwandishi aliufikiria. Sketi ya shule yenye marinda yaliyopangwa bila kuachana huhitaji kitambaa mara tatu ya kiuno; kiuno cha sm. 60 kinataka sm. 180. Kwa kitambaa cha upana wa sm. 90, vipande viwili hutoa 180 kamili, lakini viungo viwili hula sm. 6, nayo marinda hayatoshi. Kwa kitambaa cha sm. 150 hesabu ni nyingine kabisa. Aidha mafundi wetu wengi hupima kwa inchi, na futi ya kupimia ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Anayesoma 30 katika kitabu cha sentimita, akapima kwa upande wa inchi, atakata sm. 76.

Lugha nayo ina mitego yake. Katika Kiingereza neno lilelile hutumika kwa mkono wa kulia na kwa upande wa kitambaa unaopaswa kuonekana nje. Mfasiri asiyejua kushona huandika "upande wa kulia wa kitambaa", na mwanafunzi hubaki akiigeuza nguo huku na huku akiutafuta mkono wake wa kulia. Afadhali "upande wa nje" na "upande wa ndani". Maneno ya ufundi yapo katika Kiswahili na ni mazuri: bandi, pindo, rinda, kiraka, mtande na mshindio. Kitabu kiyatumie, tena kila neno lichorwe mara ya kwanza linapotajwa.

Kuhusu kazi ya kwanza tutasema kwa kifupi. Kitabu kinachoanza na gauni kimekosea. Foronya, mfuko wa madaftari, au kuikata doti ya kanga na kupinda ncha zake, ndizo kazi za kuanzia, kwa kuwa mishono yake imenyoka. Nasi tungekipa alama ya ziada kitabu kinachomwambia mwanafunzi afumue shati kuukuu la mtumba, apange vipande vyake mezani, kisha alishone upya. Shati hilo humwonyesha jinsi kola ilivyowekwa, jambo ambalo mchoro hauwezi kulionyesha vema, na likiharibika hasara ni ndogo.

Baada ya kusoma hivyo, bado hukumu haijakamilika. Mtafute mtu ajuaye kusoma lakini asiyejua kushona, mpe kitabu na karatasi za mfuko wa saruji badala ya kitambaa, umwambie akate mfuko wa madaftari kwa kufuata maelezo. Wewe kaa kimya. Hili ndilo gumu, maana mwalimu hupenda kusaidia. Weka nukta pembeni mwa ukurasa kila anaposimama, mstari kila anaporudi kurasa za nyuma, na duara kila anapouliza. Mikono yake itakuonyesha mengi kuliko maneno yake, kwani ukimwuliza kama ameelewa atasema, "Ndiyo, mwalimu," kwa adabu tu.

Penye duara mbili au tatu katika ukurasa mmoja, usikitupe kitabu. Vitabu ni vichache, na chenye kasoro kinaweza kusaidiwa. Andika karatasi moja ya nyongeza: upana wa vitambaa vinavyouzwa dukani hapo, majina ambayo mafundi wa hapo hutumia, dalili za kosa na tiba zake, na hesabu ya nafasi ya mshono. Ibandike ndani ya jalada la mbele, wala si la nyuma, kwa sababu binti atakayekichukua ataanza kusoma mbele, na huenda akakata kabla ya kufika mwisho.