KUPOKEA NA KUFIKISHA UJUMBE: SOMO LA KISWAHILI KWA MFANO WA KAZI YA UUGUZI

Utangulizi

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake kazi wanazozitamani, ni nadra kukosa wa kutaja uuguzi. Jibu hilo hupigiwa makofi, kisha somo huendelea. Sisi twaona kuwa hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Muuguzi huhudumia kwa mikono, lakini pia kwa masikio na ulimi: hupokea agizo la daktari, huliandika, humweleza mgonjwa, na zamu inapokwisha humkabidhi mwenzake habari zote. Agizo likipotoka njiani, dawa huweza kudhuru badala ya kuponya. Stadi hii yafaa ianze kujengwa katika shule ya msingi.

Mahali penye utata

Mgonjwa akiambiwa ameze dawa “kila baada ya saa nane”, huweza kudhani ameagizwa kuimeza saa nane mchana. Tena saa mbili asubuhi huandikwa 8:00 katika kumbukumbu za wodini, na saa mbili usiku huandikwa 20:00. Juu ya bahasha ya dawa huandikwa 2 × 3, maana yake vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Mtoto aliyezoea hesabu huona sita, na huenda akampa bibi yake vyote sita kwa mkupuo mmoja. Hesabu yake ni sahihi. Kilichopotea ni ujumbe.

Hatua za somo (Darasa la Tano au la Sita, dakika 40)

Zana: bahasha, punje za mahindi badala ya vidonge, na saa iliyochorwa ubaoni. Dawa halisi zisiletwe darasani.

1. Mwalimu aandike 2 × 3 ubaoni na aulize maana yake. Asisahihishe upesi, majibu yanayopingana ndiyo mlango wa somo. (Dakika 5)

2. Darasa ligawanywe katika makundi ya watatu: mtoa agizo, mpokeaji na mwangalizi. Mtoa agizo asome mara moja tu: “Mgonjwa wa kitanda cha nne ameze vidonge viwili kila baada ya saa nane, kuanzia saa mbili asubuhi.” (Dakika 5)

3. Mpokeaji aandike, kisha arudie kwa sauti yale aliyoyasikia kabla ya kutenda. Mtoa agizo athibitishe au asahihishe. Hii ndiyo kanuni kuu ya somo: sikiliza, andika, rudia, thibitisha. (Dakika 10)

4. Mpokeaji apange punje kwa kila wakati: saa mbili asubuhi, saa kumi jioni, saa sita usiku. Mwangalizi ahakiki kwa saa ya ubaoni. Kisha wabadilishane nafasi. (Dakika 15)

5. Kila kundi litoe agizo hilo upya kwa maneno ambayo mzee asiyejua kusoma angeyaelewa. (Dakika 5)

Kuunganisha somo na kazi ya baadaye

Kipindi kinachofuata kitumike kumwonyesha mwanafunzi njia. Katika Tanzania, anayetaka stashahada ya uuguzi na ukunga humaliza kidato cha nne akiwa amefaulu masomo ya sayansi, hasa Baiolojia, Kemia na Fizikia, kisha husoma chuoni miaka 3. Hawezi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililo chini ya Sheria ya mwaka 2010. Kwa hiyo atakayelipuuza somo la Sayansi leo ajue mapema kuwa anaufunga mlango wake mwenyewe.

Mwalimu aeleze pia kuwa muuguzi huweza kuwa mwanamume au mwanamke. Vilevile, masomo ya chuo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi husema Kiswahili au lugha ya nyumbani. Muuguzi ni mkalimani kila siku. Basi bidii katika lugha zote mbili ni maandalizi ya kazi.

Tathmini

Mwalimu asitosheke na swali “Mmeelewa?”, kwa kuwa darasa zima huitikia “Ndiyo”. Amwite mwanafunzi mmoja, ampe agizo jipya, na amtake alirudie. Asiyelirudia sawasawa hajalipokea. Nasi walimu tukijizoeza kipimo hicho katika masomo yote, tutawafaa hata wale ambao hawatakuwa wauguzi, kwani kila nyumba ina mgonjwa siku moja.