Mwamba Kando ya Barabara ni wa Nani?

Barua imetoka Kawale, Lilongwe. Aliyeiandika ni kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, fundi wa simu siku za kazi, mpanda miamba Jumapili. Yeye na wenzake wana kamba moja, viatu vya kuazimana, na godoro la kuangukia ambalo kondakta wa minibasi hulitoza nauli ya mtu mzima. Mwamba wao uko kando ya barabara kuu ya M1, njia ya Dedza, hatua chache kutoka kwenye lami. Mwaka mzima hakuna aliyewauliza neno. Siku moja wakafuatana na Wazungu wawili wenye gari, na Jumapili iliyofuata akatokea bwana mwenye panga akisema mwamba ni wake: watoe kwacha 30,000 au anawaita polisi. Wakalipa, wakaandikiwa karatasi ya daftari. Haukupita mwezi, akatokea mtu wa pili kudai mwamba uleule.

Kijana anauliza yupi ndiye mwenyewe. Huenda si hata mmoja.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 2016, ardhi ya kimila ambayo haijagawiwa mtu iliwekwa kuwa ardhi ya umma, kwa manufaa ya jamii nzima iliyo chini ya T/A, yaani chifu mkuu wa eneo. Watu hugawiwa mahali pa kulima. Anayegawiwa jabali ni nadra. Mahindi yakiuzunguka mwamba pande zote, mkulima ana haki juu ya mahindi yake na udongo alioulima, na mkiyakanyaga mnamlipa bila ubishi. Mwamba wenyewe ni habari nyingine. Anayedai ni wake aonyeshe hati ya ardhi ya kimila, au mkataba wa kukodi kama ni shamba kubwa la biashara (estate). Sahihi yake mwenyewe kwenye karatasi ya daftari haithibitishi kitu. Na kama mwamba umo ndani ya hifadhi ya barabara, mwenye neno ni Mamlaka ya Barabara. Mwanakijiji hana haki ya kukutoza hata tambala moja.

Tena msiishie kwa nyakwawa, mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Kimila, nayo ya 2016, iliweka kamati ya ardhi: gulupu, mkuu wa kundi la vijiji, ni mwenyekiti, na pamoja naye wapo watu sita waliochaguliwa na wanakijiji, angalau watatu wakiwa wanawake. Machifu waliipinga sana sheria hiyo, na sababu haihitaji darubini: asiyeketi peke yake hapokei bahasha peke yake. Kuku wa heshima kwa mfumu, yaani chifu, ni adabu, mpelekeeni. Lakini makubaliano yaandikwe mbele ya kamati, yakitaja njia ya kupita, siku, miezi ambayo mimea imo shambani, na mfuko wa nani unapokea fedha. Pale ambapo kamati bado haijaundwa, kaeni na gulupu mbele ya mashahidi, na mwenye shamba awepo. Kabla ya hapo msitoboe mwamba kutia boliti.

Mwamba ukiwa na michoro ya kale, ruhusa ya mfumu haitoshi hata kidogo. Eneo la Chongoni huko Dedza, lenye sehemu 127 za michoro, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na sheria inayolinda mambo ya kale haiishii kwenye mipaka ya Chongoni. Ulizeni vilevile kuhusu dambwe. Sisi tuliotoka Kivu au Bujumbura tunaona kichaka tu karibu na makaburi. Wachewa wanajua ni mahali pa Nyau, chama chao cha siri cha ngoma za vinyago. Hapo msiingie, wala msitafute mwanasheria wa kuwaingiza.

Sasa mtego wenyewe. Vijana hawa hawakulipa kwa kuamini kwamba jabali lina mwenyewe. Neno polisi ndilo lililowatoa pesa mfukoni.

Kanuni ya Adhabu inasema kuingia eneo la mtu ni jinai pale unapoingia kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye eneo, au unapogoma kutoka isivyo halali. Mpandaji aliyeambiwa toka, akakunja kamba akatoka, hajampa polisi kesi ya maana. Mbishi ndiye anayejitengenezea kesi. Tokeni kwanza, kesho yake mkabishane kwa gulupu.

Ila bwana wa panga hahitaji kesi ya uvamizi. Anajua kwamba kati ya watano waliosimama mbele yake, wawili wametoka Dzaleka bila kibali cha kutoka kambini, na kwamba gari la polisi likifika swali la kwanza halitakuwa la ardhi, litakuwa la kibali. Ameiona Mei 2023 kama sisi tulivyoiona, wakimbizi walipokamatwa madukani Lilongwe, watoto wakiwemo, wakalazwa gereza la Maula kabla ya kurudishwa kambini. Ile 30,000 ni bei ya hofu hiyo. Wapo pia askari wa barabarani wanaoijua bei hiyo vizuri kabisa.

Kwa hiyo asiye na kibali chenye tarehe ya siku hiyo asiende mwambani. Ni ushauri mchungu, lakini ndio unaofanya kazi leo. Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kupata wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Belo, yaani dhamana ya polisi, ni bure. Anayekutajia kiasi anakuibia. Na tangu Januari 2017, katika kesi ya mchuuzi Mayeso Gwanda, Mahakama Kuu ilifuta kifungu kilichowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa sababu tu anaonekana mzururaji.

Ukitazama vizuri, aliyestahili kuogopa polisi ni yule bwana. Kuchukua pesa za watu kwa kujidai mwenye mali isiyo yako ni kosa la jinai. Lakini nani atakwenda kituoni kumshtaki, ikiwa mlalamikaji ndiye atakayelala ndani? Peleka dai kwa gulupu, uende na mwenzako Mmalawi, na kabla ya kwenda polisi pita kwanza Ofisi ya Msaada wa Kisheria.

Na hicho kibali chenyewe? Kifungu cha 39 cha Katiba ya 1994 kinampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako ndani ya Malawi. Hakikuandika kila raia. Serikali hujikinga kwa masharti iliyoyaweka mwaka 1987 ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi, miaka saba kabla ya Katiba hiyo, kwamba itachagua mahali pa mkimbizi kukaa, na kwamba kifungu cha Mkataba kuhusu mali, ardhi na upangaji ni pendekezo tu. Walioyaweka walikuwa serikali ya chama kimoja, na wakati huo Dzaleka ilikuwa bado gereza. Mkataba wenyewe unaruhusu nchi kuyafuta masharti ya namna hiyo wakati wowote, kwa barua moja kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.