Kwa Nini Gari Lilale Mikindani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nakaa Likoni upande wa Shika Adabu na nafanya kazi Changamwe kwenye depo ya makontena. Nina mke na watoto wawili. Tangu utotoni roho yangu iko kwa Subaru Impreza WRX, na sasa nimepata moja ya mwaka 2007, namba KBX, kwa shilingi 780,000. Akiba yangu ni 480,000. SACCO wamekubali kunikopesha 300,000, wadhamini watatu nimeshawapata, na nitakatwa kama elfu kumi kwa mwezi kwa miaka mitatu. Mshahara unaonifikia mkononi ni 62,000. Gari litakuwa likilala Mikindani kwa rafiki yangu kwa sababu ya usumbufu wa feri. Mke wangu mambo ya magari hayamhusu sana. Muuzaji anataka dipoziti kufikia Ijumaa. Je, Subaru ya umri huu inaaminika? Na matengenezo yake yanakula pesa kiasi gani?*
*– Mpenda Mwendo, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Maswali yako mawili yana majibu na nitakupa yote. Lakini kuna sentensi moja umeipenyeza katikati ya barua kama mtu anayepitisha mzigo bandarini bila kulipa ushuru, nami nataka tuufungue mzigo huo kwanza. Gari litalala Mikindani kwa sababu ya feri. Feri gani, baba? Tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu iko wazi. Inatoka Miritini, inavuka madaraja ya Mwache na Mteza, inatokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga, na mtu wa Shika Adabu ni miongoni mwa waliofaidika nayo kuliko wote. Unaweza kutoka kazini hadi mlangoni kwako bila kukanyaga feri hata siku moja. Tena fikiria ulichokipanga: kila asubuhi utashuka Likoni, utavuka kwa miguu pamoja na umati, utapanda matatu hadi Mikindani, utachukua gari lako la mbio, kisha utaliendesha hadi Changamwe, ambako ni hapo jirani. Hakuna mwenye gari anayejitesa hivyo kwa ajili ya foleni. Anayejitesa hivyo anaficha kitu.

Sasa tujibu ulichouliza, kwa sababu majibu ndiyo yatakayoonyesha unachokificha. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingizwa nchini. Sheria hiyo inasimamiwa na Shirika la Viwango, KEBS. Kwa hiyo Impreza ya 2007 haikuweza kuteremka bandarini baada ya 2014. Hiyo unayoionea uchu imekwisha kula mashimo na matuta yetu zaidi ya miaka kumi, na gari la aina hiyo kwa kawaida huwa limepita mikono kadhaa, kila mkono ukiwa wa kijana anayependa mwendo kama wewe. Cheti cha mnada cha Japani atakachokuonyesha muuzaji kinaeleza lilikuwaje siku ya kuondoka huko, na hakina habari na yaliyolipata baada ya hapo. Kilomita za kwenye dashibodi nazo zinarudishwa nyuma na fundi yeyote mwenye kompyuta ndogo.

Ubaya ni kwamba bei ya gari inashuka kila mwaka, ila bei ya kulitunza haishuki nayo. Klachi, breki na tabo ya WRX zilitengenezwa kwa gari la gharama kubwa, na zinabaki na gharama hiyo hata gari lenyewe likiuzwa kwa bei ya tuktuk mbili. Chukua tabo peke yake. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inalainishwa na oili ileile ya injini. Mwenye gari wa kabla yako akichelewesha oili ili abane matumizi, yeye ameokoa pesa na wewe utanunua tabo. Chukua mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Kwenye injini hii ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo kazi si ya mkanda tena, injini nzima inafunguliwa. Ulibadilishwa lini? Hujui, na kwa kilomita zilizorudishwa nyuma hata muuzaji anaweza kuapa kwa nia safi na bado akawa amekosea. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili huku na mbili huku, hivyo gasketi za vichwa ni mbili, na hata kubadilisha plagi kunamtaka fundi ajikunje pembeni mwa fremu. Ongeza upepo wa chumvi wa Likoni unaotafuna bodi kutoka chini, mahali ambapo rangi mpya ya muuzaji haifiki.

Na petroli? Mwaka 2025 lita moja hapa Mombasa ilikuwa karibu shilingi 180. Gari hili kwenye misongamano ya mjini litakupa kama kilomita 8 kwa lita ukiwa mpole, na sijaona dalili kwamba utakuwa mpole. Ukilileta nyumbani kila siku, nikikuhurumia nikahesabu kilomita 40 tu kwenda na kurudi, ni lita 5, yaani shilingi 900 kwa bei hiyo. Siku 26 za kazi ni 23,400. Weka elfu kumi ya SACCO juu yake: 33,400. Umekwisha kupita nusu ya mshahara, na bado hujabadilisha oili, hujalipa bima, hujanunua tairi. Kwenye bima nako kuna mtego. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari lililopita miaka 15, kwa hiyo huenda ukabaki na ile ya lazima ya kumlinda mtu mwingine. Likiibwa au likiungua, 780,000 zimekwenda, na SACCO itaendelea kukata.

Najua utaniambia Subaru ni gari la kazi ngumu, lilishinda Safari Rally. Ni kweli. Impreza ilishinda 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, ikashinda tena 2000 na Richard Burns, na kabla yao dereva wetu Patrick Njiru alikwisha kuwafanya watoto wa nchi hii walipende jina hilo. Lakini gari la rally lina kikosi cha mafundi kinacholisubiri njiani, lori la spea, na mfadhili anayelipa. Vitu vinabadilishwa kabla havijavunjika. Ushindi ule ulithibitisha kwamba gari hilo likitunzwa bila kuhesabu pesa linaweza kufanya maajabu. Wewe unahesabu pesa, na unafanya vizuri kuzihesabu. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, linaaminika, mkononi mwa mtu ambaye kila mwezi anaweza kutoa pesa ya gari bila chumba kingine cha nyumba kutikisika.

Sasa turudi Mikindani. Umesema mke wako mambo ya magari hayamhusu. Tazama barua yako mwenyewe: wadhamini watatu wa SACCO wanajua habari za gari hili, rafiki wa Mikindani anajua, muuzaji anajua, mimi najua. Asiyejua ni yule atakayepika kwa pesa itakayobaki. Wadhamini umewaambia kwa sababu sheria ya mkopo inataka sahihi zao, maana ukishindwa kulipa wao ndio wataumia. Na mke je? Mkanda ukikatika Februari, karo itapungua, na atakayesimama mbele ya mwalimu mkuu kuomba muda ni yeye. Ni mdhamini wa nne, ila huyu umemtwika dhamana bila kumpa fomu.

Wapo wasomaji watakaosema mwanamume aliyetoka jasho ana haki ya kujinunulia furaha moja. Nakubaliana nao kabisa, na siwapendi washauri wanaodhani kila raha ya mume ni wizi kwa watoto. Kutamani gari si dhambi, na miaka 34 si uzee. Ila haki ya kununua haina haja ya maficho. Pesa ya akiba unaweza kuiita yako ukitaka kubishana. Gharama za miaka mitatu ijayo huwezi, kwa sababu zitatoka kwenye sufuria moja na unga na maji. Na ukinijibu kwamba ukimwambia atakataa, basi umeshapata ukaguzi bora kuliko wa fundi yeyote. Anayejua mapato ya nyumba hiyo, madeni yake na tabia ya mwenye nyumba ametazama gari akaona halifai. Unachotaka kwangu ni mtu mzima wa kukupa ruhusa ili usiombe pale inapopaswa kuombwa. Sikupi.

Tena mwanangu, fikiria furaha yenyewe itakuwaje. Utaliosha uani kwa mtu mwingine. Wanao hawatapanda. Siku jirani wa Shika Adabu atakapokuona Changamwe na kumsalimia mkeo kwa hongera ya gari, utakuwa umenunua ugomvi ambao haungezuka hata kama ungenunua gari baya kwa uwazi.

Kuna njia za kawaida, nizitaje upesi. Impreza isiyo na tabo inafanana na WRX kwa umbo na ina unafuu mkubwa. Unaweza kungoja mwaka mmoja, ukiweka kando kila mwezi ile elfu 33 kana kwamba gari unalo, uone nyumba inapumuaje. Na gari lolote, kabla ya kulipa, lipeleke kwa fundi wa Subaru uliyemchagua mwenyewe, apime mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa ya moto, kisha hakikisha kwenye mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kwamba logbuku haina mkopo wa mtu.

Lakini kabla ya fundi, keti na mkeo usiku huu watoto wakilala. Mpe hesabu yote: bei, mkopo, petroli, bima, na majina ya wadhamini. Mwambie pia habari ya Mikindani, usiiruke. Akikubali, gari lilale Shika Adabu. Dipoziti ya Ijumaa usiitoe hata shilingi kabla ya mazungumzo hayo, na muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, mwache aje.