Umevua kwa Nini?

Ngalawa inapovutwa mchangani, bwana diko, msimamizi wa mahali pa kushushia samaki, huwa ameshafika na daftari lake kwapani. "Nahodha, leo mmepata kilo ngapi?" Nahodha anajibu, kalamu inaandika, na chombo kingine kinaingia. Hesabu nyingi za samaki wa pwani yetu huanzia kwenye mazungumzo mafupi kama hayo.

Swali la kilo ni zuri, ila peke yake halimwambii mtu hali ya bahari. Linahitaji mwenzake: "Umevua kwa nini?" Kiswahili kimelipa swali hili maana mbili, yaani kwa zana gani na kwa sababu gani. Tuanze na maana ya kwanza.

Chukua chekeche la unga. Kinachobaki juu yake kinategemea mambo mawili: kilichokuwemo guniani na ukubwa wa matundu. Anayetazama makapi bila kuyajua matundu hawezi kukisia gunia lilikuwa na nini. Zana ya uvuvi ni chekeche la bahari, na samaki walio kwenye tenga ni wale tu waliokubaliwa na zana hiyo.

Tazama wavu wa kunasa. Huu ni chekeche la ajabu, kwa sababu huwaacha wadogo na wakubwa pia. Mdogo hupenya akaenda zake. Mkubwa hugonga kwa pua, kichwa kisiingie, akageuka. Wa kati huingiza kichwa, mwili ukakwama, na akijaribu kurudi nyuma uzi humshika kwenye mashavu. Ukitaka kujua wavu unamtaka samaki gani, shika fundo moja la jicho, vuta fundo linalolielekea mpaka jicho lijifunge, kisha pima. Ndicho kipimo anachokitaja mvuvi anaposema "wavu wa inchi tatu".

Mwaka 1914 mwanasayansi wa Urusi, Fedor Baranov, aliligeuza jambo hili kuwa kanuni. Samaki wa aina moja hubaki na umbo lile lile, awe mdogo au mkubwa. Basi urefu wa samaki anayenaswa zaidi hupanda sambamba na jicho la wavu: ongeza jicho mara mbili, na urefu wa samaki huyo huongezeka takriban mara mbili. Ndiyo maana sheria za uvuvi hujishughulisha sana na inchi.

Mshipi huchagua kwa njia nyingine. Ndoana hupima mdomo, chambo hupima njaa. Changu na chewa, walao nyama, hufuata kipande cha ngisi. Pono anayekwangua mwani na matumbawe hana haja nacho. Kwa hiyo mvuvi wa mshipi anaweza kurudi mikono mitupu kutoka mahali palipojaa pono.

Dema, mtego wa kusuka, nalo lina akili yake. Limesukwa kwa matundu ya pembe sita, na mlango wake ni kama faneli: kuingia rahisi, kutoka kazi. Ukubwa wa mlango humzuia aliye mnene kupita kiasi, na matundu ya ubavuni huamua mdogo gani ataponyoka. Mwani ukiwekwa ndani, tasi huja wenyewe.

Juya halichagui sana. Linazungushwa, linakokotwa hadi ufukweni, na kifuko chake chenye macho madogo hubeba karibu kila kilichokuwa njiani: vitoto vya changu, pweza, majani ya bahari yaliyokuwa malezi ya vitoto hivyo.

Je, kuna ubaya gani kumla samaki mdogo? Jibu limo kwenye hesabu. Urefu wa samaki ukiongezeka mara mbili, unene na kimo chake huongezeka vivyo hivyo, na mbili mara mbili mara mbili ni nane: uzito hupanda takriban mara nane. Tuseme changu wa sentimita 15 ana gramu 60. Akifika sentimita 30 atakuwa na gramu 480 hivi. Ukivua wanane wadogo leo, una gramu 480. Ukiwaacha wakue, na nusu yao wakaliwa au wakafa, watabaki wanne wenye gramu 1,920. Bahari imechukua nusu ya samaki wako, nawe umepata nyama mara nne zaidi. Tena wanne hao huenda wameshataga kabla hujawavua.

Sasa turudi kwenye daftari. Tuchukue mfano wa kufikirika wa diko lenye vyombo kumi vya mshipi, kila kimoja na wavuvi watatu, wakivua saa tano. Jumla ni saa 150 za kazi. Wakileta kilo 300, kila saa ya mvuvi mmoja imezaa kilo mbili. Mwaka unaofuata, tarehe ile ile, vyombo ni kumi vile vile na kilo ni 330. Daftari lenye safu mbili, ya vyombo na ya kilo, litasema samaki wameongezeka.

Ongeza safu ya zana uone. Vyombo vinne vimeacha mshipi na kununua nyavu, na nyavu hizo zimeleta kilo 222. Vile sita vilivyobaki na mshipi vimefanya kazi saa 90 vikaleta kilo 108. Kila saa ya mvuvi sasa inazaa kilo 1.2. Kwa mshipi ule ule pato limeshuka kwa asilimia 40, ilhali jumla imepanda kwa asilimia 10.

Hata hapo, tusikimbilie kuhukumu. Huenda waliohamia kwenye nyavu ndio waliokuwa hodari zaidi wa mshipi, na waliobaki ni wageni wa kazi. Huenda mwaka jana yalikuwa maji mafu na mwaka huu ni bamvua. Tena neno "wavu" kwenye safu halitoshi. Tunahitaji macho ya inchi ngapi, urefu gani, umetandwa juu au chini, usiku au mchana, saa ngapi, na upande gani wa mwamba. Jarife lenye macho makubwa humfuata papa na taa, lakini humnasa pia kasa. Wavu mwembamba wa vibua una habari nyingine kabisa.

Siku hizi vifaa vidogo vinavyotumia nishati ya jua vinaweza kufungwa kwenye chombo na kuchora njia yake baharini. Mchoro nao husema. Wa mshipi hutuama mahali, akahama, akatuama tena. Anayetanda wavu huenda polepole kwa mstari, husubiri, kisha hurudia mstari ule ule akiuvuta. Lakini mstari hauonyeshi inchi za jicho, kwa hiyo bwana diko hajapoteza kazi.

Sasa maana ya pili: kwa sababu gani? Kusi linapovuma, chombo kidogo hakithubutu kuvuka mwamba. Wavuvi hubanana ndani, kwenye maji ya dema, mshipi mfupi na nyavu ndogo. Kaskazi ikituliza bahari, wale wale hutoka nje kumsaka nguru na jodari. Mvuvi mmoja anaweza kuwa na zana tatu kwa mwaka, na daftari lililomwandika kwa moja limemwacha miezi kadhaa.

Sababu nyingine ni mfuko. Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za kuvulia mwaka 2001, lakini marufuku hayakutosha kuziondoa baharini. Juya huwa la tajiri mmoja, nalo huhitaji mikono mingi ya kukokota. Kijana asiye na chombo wala ndoana hupata pale sehemu ya samaki jioni ile ile. Ukimnyang'anya juya bila kujua amelishika kwa nini, kesho atashika zana nyingine isiyo na jina kwenye fomu.

Lakini ukijua, unaweza kuitengeneza zana yenyewe. Huko huko Kenya watafiti na wavuvi wamejaribu madema yenye upenyo mwembamba wa wima, upana wa sentimita tatu hivi. Samaki mchanga na yule bapa asiye na bei hupenya, na mnene hubaki. Waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi hayakuanguka, yalipanda.

Kesho alfajiri ngalawa itaingia tena, na bwana diko atauliza kilo. Akimaliza, na aziinamie nyavu zilizolowa chini ya mlingoti, ashike fundo moja, avute la pili, apime. Kisha aketi na nahodha kwenye kivuli amuulize kwa nini wavu ule, mwezi ule. Jibu la kwanza ni la mwanasayansi. Bila la pili, atungaye sheria atakuwa anatega dema lisilo na chambo.