Albamu Saba za Roki na Mafunzo Niliyopata Gede

Nikisema napenda roki, hapa Gede huulizwa papo hapo: huo si muziki wa Wazungu wa Watamu? Swali lina sababu yake. Gede ndipo barabara ya Mombasa kwenda Malindi inapochepuka kuelekea Watamu, na kaseti nyingi za roki zilizofika kwetu zilipitia hoteli za huko. Mgeni akifunga mizigo anamwachia mhudumu kaseti zake, mhudumu anarudi nazo nyumbani jioni, na kufikia Jumapili zinalia chini ya mwembe. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wahudumu hao. Mimi nilizikuta ndani ya boksi la viatu, nyingine hazina hata jalada.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa albamu. Siongelei wimbo mmoja mmoja, naongelea kazi nzima, kuanzia kibao cha kwanza hadi cha mwisho, kwa mpangilio alioutaka msanii mwenyewe. Hizi saba ndizo nilizozipa nafasi baada ya kuzisikiliza kwa miaka. Nahesabu kutoka ya saba hadi ya kwanza, na kila moja naiandikia kile ilichonifunza.

7. Kelele nayo hupangwa
(Duma, "Duma", 2020)

Duma walikuwa Wakenya wawili, Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliotoka katika bendi za metali za Nairobi. Albamu yao waliirekodi Kampala na ikatolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya hukohuko Uganda. Ni muziki mzito mno: sauti ya kupasua koo, magitaa yaliyosagwa, na midundo ya kompyuta inayokimbia kuliko mkono wa mpiga drams yeyote.

Kwenye simu albamu hii ni kelele tupu. Jirani yangu hukodisha spika za harusi, na siku moja alikubali niijaribu kwenye mitambo yake kabla hajaipakia kwenye pikapu. Hapo besi ilitengana na ngoma, ngoma zikatengana zenyewe kwa zenyewe, na nikasikia mpangilio wa tabaka ambao kila mpiga kayamba wa Kigiriama angeutambua: kuna anayeshika mapigo, kuna anayeyakata, na kuna anayeyazunguka. Muziki mzito usihukumiwe kwa spika ndogo.

6. Chombo cha kujitengenezea kina sauti yake
(Queen, "A Night at the Opera", 1975)

Wengi huiweka albamu hii kwa ajili ya Freddie Mercury, na Mswahili ana haki ya kujivunia: alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Mimi naiweka kwa ajili ya gitaa. Brian May hakununua gitaa lake. Alilitengeneza na babake, wakianza mwaka 1963. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya meko ya zamani, na springi za valvu za pikipiki wakazitumia kwenye mtambo wa kutetemesha nyuzi. Anapiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya kipande cha plastiki.

Sikiliza magitaa yanavyopangwa juu ya mengine katika albamu hii mpaka yanatoa sauti ya tarumbeta na ya kwaya. Miaka ile Queen walikuwa wakiandika kwenye majalada yao kwamba hawakutumia sinthesaiza, maana watu hawakuamini. Kijana wa Gede anayeona gitaa dukani Malindi na kukata tamaa kwa bei yake aisikilize albamu hii akijua hilo.

5. Kiswahili kilipiga roki mapema
(Sunburst, "Ave Africa", 1976)

Hii ndiyo ninayowachezea wale wanaouliza juu ya Wazungu wa Watamu. Sunburst walianza Dar es Salaam mwaka 1970, wakati mji umetoka tu kuona muziki wa soul wa Marekani ukipigwa marufuku na serikali ya mkoa, Novemba 1969. Vijana wa mjini walikuwa wamebanwa pande mbili: wanapenda gitaa la umeme na mirindimo ya Marekani, na serikali inawataka wajenge utamaduni wa taifa. Sunburst hawakuchagua upande. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wakachanganya ngoma za kwetu na gitaa lenye moto, na baadaye wakahamia Zambia, ambako albamu ilitoka. Mwaka 2016 kampuni ya Strut iliikusanya kazi yao na kuitoa upya, ndiyo maana leo inapatikana kwa urahisi.

Nilichojifunza ni kwamba lugha yetu haihitaji kuombewa nafasi kwenye roki. Kiswahili kina silabi zilizo wazi, zinaishia kwa irabu, na mwimbaji anaweza kuivuta irabu ya mwisho juu ya gitaa muda wote autakao. Nyimbo zao za Kiswahili zinakaa vizuri kuliko za Kiingereza. Huo ni uamuzi wangu, na sioni dalili ya kuubadilisha.

4. Sikiliza ukijua waliopiga ni nani
(WITCH, "Lazy Bones!!", 1975)

Nitapita hapa haraka kwa sababu Zambia ina watu wake wa kuisimulia. WITCH walikuwa vinara wa Zamrock, yaani roki ya Zambia, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa kufuata jina la Mick Jagger. Albamu ina gitaa chafu, zito, linalotambaa. Lakini ukisoma habari zao unakuta kwamba UKIMWI uliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile, na Jagari alikwenda kutafuta riziki kwenye uchimbaji wa vito kabla ulimwengu haujamkumbuka tena. Sasa siwezi kuisikiliza bila kuwafikiria.

3. Kaseti ilikuwa na mali
(Dire Straits, "Brothers in Arms", 1985)

Kama kuna albamu ya roki ambayo pwani yetu iliimeza nzima, nadhani ni hii. Dereva wa matatu anaijua, baharia anaijua, fundi wa friji anaijua hata kama hajui jina la bendi. Ilikuwa ndani ya lile boksi la viatu. Utepe wake ulikuwa umelegea, tukawa tunauzungusha kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri za redio.

Miaka mingi baadaye nilipata jambo lililonifurahisha sana. Santuri ya albamu hii haikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo nyimbo kadhaa za upande wa kwanza zilikatwa. Kwenye kaseti na kwenye sidii ziliachwa kwa urefu wake wote. Santuri ina dakika 47 hivi, sidii 55 hivi. Maana yake ni kwamba kijana wa Gede mwenye kaseti iliyochakaa alisikia muziki mwingi kuliko tajiri wa London mwenye santuri mpya. Tangu hapo sidharau chombo cha mtu yeyote cha kusikilizia.

Kuna la pili. Ule mlio wa gitaa wa "Money for Nothing", mnene kama umetoka ndani ya mtungi, ulipatikana studioni kisiwani Montserrat wakati maikrofoni moja ilipokuwa haijawekwa sawasawa, imeelekea sakafuni. Waliokuwa studio waliusikia, wakakataza mtu asiiguse. Mafundi wetu wa studio za Malindi na Mtwapa, ambao siku hizi hurekodi kila kitu kwa programu ile ile na kusafisha kila mkwaruzo, ningependa wakumbuke sikio la siku ile.

Na Mark Knopfler anapiga kwa vidole vitupu. Hilo mzee yeyote aliyejifunza gitaa kavu Kenya hii angelitambua kwa kuangalia mkono tu.

2. Wimbo mzuri unastahimili kubadilishwa ala
(Ayub Ogada, "En Mana Kuoyo", 1993)

Najua watakaosema hii si roki. Tufuate njia yake. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, jina lake Job Seda. Miaka ya 1970 alikuwa ndani ya Black Savage, bendi ya Nairobi iliyopiga roki ya magitaa ya umeme. Mwaka 1976 Black Savage walirekodi "Kothbiro", wimbo wa Kijaluo wa mvua inayokuja. Kisha Ogada akaweka magitaa chini, akashika nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, akaenda Uingereza mwaka 1986, akapiga muziki kwenye njia za treni za chini ya ardhi mjini London, mpaka watu wa tamasha la WOMAD na wa lebo ya Real World walipomsikia. Alipotoa albamu yake, wimbo ule ule ulirudi, safari hii kwa nyatiti na sauti yake tulivu.

Nimezisikiliza rekodi zote mbili moja baada ya nyingine, mara kwa mara, hasa usiku umeme unapopotea na nyumba inabaki na redio ya betri. Ile ya bendi ina besi inayosukuma na uzito wa kundi zima. Ile ya nyatiti imeondoa karibu kila kitu, lakini msukumo bado umo, kwenye ule mzunguko wa nyuzi unaorudi na kurudi kabla sauti haijaingia. Mpiga roki hujulikana kwa kile anachokifanya na mzunguko kama huo: anaurudia mpaka msikilizaji asitake uishe. Ogada aliubeba kutoka ala moja hadi nyingine bila kuumwaga. Rekodi ya bendi ilizunguka mbali: mwaka 2018 Kanye West aliitumia katika wimbo wake "Yikes". Ya nyatiti ilisikika katika filamu "The Constant Gardener" ya 2005. Ogada alifariki Februari 2019, na ninasikitika kwamba watoto wengi wa Mombasa hawajui kuwa alizaliwa kwao.

1. Gitaa la umeme lina mwenyeji Kilifi
("Fundi Konde Retrospective", nyimbo za 1947 hadi 1956, ilitolewa 1994)

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, Kilifi. Ni Mgiriama wa huku kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichukuliwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, akafika India na Burma akiwapigia askari muziki. Aliporudi akawa mwimbaji, mtunzi, mpiga gitaa na pia fundi wa kurekodi. Hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa Kenya kushika gitaa la umeme. Nyimbo kama "Tausi" na "Majengo Siendi Tena" wazee wetu wanazo vichwani hadi leo.

Sasa tazama miaka. Elvis Presley alitoa kibao chake cha kwanza kupitia kampuni ya Sun mwaka 1954. Chuck Berry alitoa "Maybellene" mwaka 1955. Yaani roki ilipokuwa inazaliwa Marekani, mtu wa Kilifi alikuwa tayari ana gitaa mkononi, na rekodi zake madukani. Sisemi kwamba alipiga roki. Alipiga rumba, na midundo ya dansi ya wakati wake, kwa Kiswahili safi cha pwani. Nasema kwamba kile ninachokitafuta katika roki, gitaa linalojibu sauti ya mwimbaji na kumalizia sentensi yake, yeye alikuwa nacho. Sikiliza anavyonyamaza baada ya mstari na kuliachia gitaa liseme. Anapiga noti chache mno. Hakuna hata moja ya kujionyesha.

Wapo waliomfuata. Them Mushrooms, ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni, walioipa dunia "Jambo Bwana" mwaka 1980, walimtafuta mzee wakiwa tayari na jina kubwa, wakarekodi naye nyimbo zake upya. Hilo nalithamini kuliko mauzo yao yote. Bendi iliyozoea jukwaa la hoteli na pesa za watalii ilijua deni lake liko kwa nani.

Albamu hii naiweka ya kwanza, juu ya Queen na juu ya Dire Straits, na nimeipima kwa kipimo kile kile: naisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata wimbo mmoja. Zaidi ya hayo, inanipa jibu la wale wanaoniuliza huu ni muziki wa nani.

Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Santuri za miaka yake zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaopasuka ukianguka, na kila mwaka nyingine zinavunjika au kutupwa watu wanapohama nyumba. Wewe uliye Kaloleni, Ganze, Malindi au hapa Gede, kama babu aliacha sanduku la santuri, usiziuze kama takataka na usizilaze moja juu ya nyingine. Zisimamishe wima, mahali pasipo na jua, mtafute kijana mwenye mashine azirekodi, na mwulize mzee waliopiga ni nani, uandike, wakati bado yupo wa kukuambia.